Ndege ya pangaboi, mawingu ya Ziwa Victoria na hofu ya kutua Bukoba

"Shikamoo Kapteni. Mimi ni mama wa miaka 46, mfanyabiashara wa vitenge. Nyumbani ni Bukoba, lakini mzigo naufuata Kariakoo kila baada ya miezi miwili. Nilikuwa napanda ndege bila wasiwasi mpaka asubuhi ile ya Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani. Nilikwenda ufukweni na wenzangu, nikaona mkia wake umebaki juu ya maji. Tangu hapo nasafiri kwa basi. Sasa binti yangu anakaribia kujifungua Dar es Salaam na ananiomba niwahi, na mume wangu ananihimiza nipande ndege. Nimeambiwa kwamba ndege za pangaboi, zile za mapanga yanayozunguka nje, ni za kizamani na injini zake ni dhaifu, kwamba hewani kuna mashimo ambayo ndege hutumbukia, na kwamba ndege ikianguka majini haponi mtu. Je, ni kweli? Nipande ndege au nibaki na basi? Nikae kiti gani? Nivae jaketi okozi mapema kabla ya kutua? Nina shinikizo la damu na natumia dawa kila siku. Kila nikifikiria kukata tiketi moyo unakwenda mbio na usiku sipati usingizi."

Marahaba, mama. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nimekwama kwenye sentensi ya mkia wa ndege. Aliyesikia habari ya ajali redioni na aliyesimama ufukweni akaiona hawabebi hofu ya aina moja, kwa hiyo sitaanza kwa kukurushia takwimu za dunia nzima na kukuambia utulie. Nitaanza na siku hiyo hiyo, tarehe 6 Novemba 2022. Ndani ya ndege ile walikuwamo watu 43. Walifariki 19, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 wakatoka hai, wengi wao kwa msaada wa wavuvi waliofika na mitumbwi yao kabla ya kikosi chochote. Nayataja haya kwa sababu wewe mwenyewe ni shahidi kwamba maneno ya "ikianguka majini haponi mtu" si kweli, ila msiba ule ulikuwa mzito kiasi kwamba waliopona walisahaulika upesi katika mazungumzo yetu.

Sasa nije kwenye pangaboi. Neno hili lilivuma sana mwaka 2016, nchi yetu iliponunua ndege mbili za aina ya Bombardier Q400 na baadhi ya watu wakazibeza kwamba ni mali ya kizamani. Ukweli ni kwamba injini ya Q400, na ya ATR, aina nyingine ya pangaboi ambayo unaifahamu zaidi, ni turbini inayofanya kazi kwa kanuni ile ile ya injini ya jeti: hewa inavutwa, inagandamizwa, inachanganywa na mafuta na kuwashwa, kisha gesi ya moto inayotoka kwa kasi inazungusha mapanga madogo yaliyopangwa ndani ya injini. Katika jeti ya abiria, nguvu hiyo huzungusha feni kubwa iliyofichwa ndani ya ganda. Katika pangaboi, hupitia giaboksi na kuzungusha mapanga unayoyaona nje ya dirisha. Kwa maana hiyo hata jeti kubwa ina pangaboi lake, ila limevalishwa koti. Mapanga ya nje hutumia mafuta kidogo kwenye safari fupi na huiwezesha ndege kuruka na kutua kwenye njia fupi, na hiyo ndiyo sababu ndege za namna hiyo zinakuja kwenu Bukoba.

Kuhusu udhaifu wa injini, masharti ya kuipatia cheti ndege ya abiria yenye injini mbili yanataka iweze kuendelea kupaa hata injini moja ikizimika katika dakika mbaya kuliko zote, yaani pale inapokimbia kwenye njia ya kurukia na imekwisha kupita kasi ambayo rubani angeweza bado kufunga breki. Mapanga ya injini iliyozimika hugeuzwa yaukabili upepo kwa ukingo wake mwembamba ili yasiizuie ndege, na safari inaendelea kwa injini iliyobaki hadi kiwanja kinachofaa. Sisi marubani hurudi kila mara kwenye chumba cha mafunzo chenye mashine inayoiga ndege, na huko injini "huzimwa" mara nyingi hata tunazoea kuzimikiwa kuliko kutozimikiwa. Nitakupa pia mfano ambao hauipendezeshi kazi yangu, maana bila huo jibu langu lingekuwa la upande mmoja. Mnamo 15 Januari 2023 ndege ya ATR 72 ilianguka Pokhara, Nepal, ikaua wote 72 waliokuwamo. Uchunguzi haukuzikuta injini zikiwa na ubovu. Ulionyesha kwamba wakati ndege ikijiandaa kutua, mkono ulivuta vishikio visivyostahili, mapanga yote yakageuzwa mkao wa kutosukuma, na haikutambuliwa mapema. Likumbuke tukio hilo, kwa sababu nitarudi kwenye maamuzi ya marubani, ambako ndiko usalama wako uliko zaidi kuliko kwenye umbo la injini.

Mashimo ya hewani hayapo. Hewa ni kitu kimoja kilichoungana, kama maji ya ziwa, nayo ina mikondo na mawimbi. Ndege inayopita humo hupandishwa na kushushwa kama mtumbwi, na mtumbwi unaposhuka kutoka kwenye kilele cha wimbi hakuna mvuvi anayesema ziwa limetoboka. Mara nyingi ndege iliyokuacha umeshika kiti kwa mikono miwili imeshuka mita chache tu, lakini kwa kuwa tumbo na masikio havina kipimo, mwili unazihesabu kuwa mamia. Mabawa hupimwa kabla ya aina hiyo ya ndege kuruhusiwa kubeba watu: hukunjwa kwa nguvu inayofikia mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa katika maisha yake yote ya kuruka, na sharti ni kwamba yasivunjike. Kinachoumiza watu kwenye mtikisiko ni wao wenyewe kurushwa ndani ya ndege. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyokuwa ikitoka London ilipatwa na mtikisiko mkali, abiria mmoja akafariki na wengi wakaumia, na ndege yenyewe ikatua Bangkok ikiwa nzima. Kwa hiyo mkanda usifunguliwe kwa sababu tu taa yake imezimika. Ulegeze kidogo ukitaka, lakini ubaki nao.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba pangaboi hutikisika zaidi, na ulichokihisi katika safari zako hakikuwa uzushi. Jeti huruka kwenye kilomita 10 na zaidi, mara nyingi juu ya mawingu mengi, ilhali ATR haipandi zaidi ya kilomita saba na nusu hivi, na katika safari fupi hubaki chini ya hapo. Inapita ndani ya hali ya hewa badala ya kuiruka, na kwa hiyo rubani wake hana budi kuisoma vizuri zaidi. Kwenye pua ya ndege kuna rada inayoonyesha mahali mvua nzito ilipo, na kazi yetu ni kulizunguka wingu la radi kwa umbali mkubwa, hata kama kufanya hivyo kunaongeza dakika kumi kwenye safari na maswali matano kutoka kwa abiria.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, wewe kama mtu wa Bukoba unastahili kulijua kuliko yote. Ziwa Victoria hujitengenezea hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa iliyopoa huteremka kutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa, na hewa ya uvuguvugu yenye unyevu inasukumwa juu na kufanya mawingu ya radi. Pepo za kutoka mashariki huyasukuma mawingu hayo upande wa magharibi, ambako ndiko mliko. Ndiyo maana upande wa mashariki wa ziwa radi huja zaidi alasiri, ilhali ninyi wa Kagera huamshwa nayo alfajiri na huendelea nayo asubuhi, na ndiyo maana migomba yenu haijui kiu. Ajali ile ilitokea karibu saa tatu asubuhi, mwezi wa Novemba, vuli ikiwa imekolea, na hali ya hewa siku hiyo ilikuwa mbaya. Ukiwa na hiari ya kuchagua saa ya kurudi nyumbani, basi safari inayofika Bukoba mchana, mawingu ya usiku yakiwa yamekwisha kutawanyika, kwa kawaida huwa tulivu kuliko ile inayofika asubuhi na mapema, hasa katika vuli na masika. Kwenye safari yako ya kwenda jambo hili lina uzito mdogo, kwa kuwa kuruka kunaweza kusubiri ardhini mpaka mvua ipite.

Kwa nini wingu la radi lihofiwe wakati wa kutua hasa? Kwa sababu mvua nzito inapoporomoka huburuta hewa baridi pamoja nayo. Hewa hiyo ikigonga ardhi au maji hutawanyika kila upande, kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Ndege inayokuja kutua hukutana kwanza na upepo unaoipiga usoni, ikainuka, na rubani asiyejua akaweza kupunguza nguvu. Sekunde chache baadaye upepo ule ule uko mgongoni, mabawa yanapoteza sehemu ya hewa iliyokuwa ikiyabeba, na ndege inazama ikiwa karibu na ardhi. Angani juu, kupoteza mita mia mbili ni usumbufu, lakini karibu na njia ya kutulia hakuna mita mia mbili za kupoteza. Mvua na wingu la chini pia huificha njia, na ziwa lenye rangi ya kijivu chini ya anga la kijivu halimpi rubani alama ya kupimia kimo kwa macho.

Dawa yake inajulikana, nayo haihitaji ushujaa. Ndege inayotua ndani ya mawingu inapaswa, ikifika futi 1,000 juu ya kiwanja, yaani kama mita 300, iwe imekaa sawa: kasi sahihi, magurudumu chini, mteremko wa kawaida, nguvu ya injini ikiwa imetulia. Kimoja kikikosekana, ndege inapaa tena. Vilevile kuna kimo ambacho rubani akikifikia bila kuiona njia hana ruhusa ya kushuka zaidi hata kwa hatua moja. Mafuta hayawi kisingizio, kwa kuwa sheria inatudai tubebe ya kutufikisha tunakokwenda, ya kutupeleka kiwanja cha akiba, na juu ya hayo ya kuzunguka angani dakika 30. Mwenzangu wa kiti cha kulia, hata awe kijana wa juzi, ana haki na wajibu wa kusema "paa" nami nikatii. Hili la mwisho lilinunuliwa kwa damu: Tenerife, 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia na kuua watu 583, baada ya kapteni mzoefu kuanza kuruka huku mhandisi wake akiuliza kama ile ndege nyingine imeshaondoka njiani. Swali la mdogo lilipuuzwa na mkubwa. Mafunzo yetu yote ya kushirikiana ndani ya chumba cha marubani yamekua kutoka kwenye makosa ya namna hiyo.

Niliwahi kuijaribu Bukoba mara mbili asubuhi moja, nikapaa mara zote mbili na kuwapeleka abiria Mwanza. Bwana mmoja aliyevaa suti ya harusi alinisubiri chini ya ngazi akaniambia mbele ya watu kwamba mimi ni mwoga na kwamba nimemharibia siku ya mdogo wake. Nilimpa pole, na sikumjibu zaidi, kwa sababu kwa upande wake alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia abiria kwamba shinikizo la kutua halitoki ofisini peke yake; linatoka pia kwenye viti vya nyuma, na rubani ni binadamu mwenye masikio. Kwa hiyo ukisikia injini zikinguruma ghafla na ndege ikinyanyuka wakati ulikwisha kuziona nyumba, au ukitangaziwa kwamba mnarudi Mwanza, usiseme moyoni kwamba mmeponea chupuchupu. Hivyo ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa.

Umeniuliza ndege au basi. Utafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts uliotolewa mwaka 2024 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2018 na 2022 hatari ya kufa kwa abiria duniani ilikuwa mara moja katika kila safari milioni 13.7 za kupanda ndege. Ningekuwa nakudanganya kama ningeishia hapo, kwa sababu utafiti huo huo uligawa nchi katika makundi matatu, na kundi la tatu, ambalo nchi zetu zimo, lilikuwa na hatari zaidi ya mara 30 ukililinganisha na la kwanza. Tena Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania kwenye orodha yake ya yasiyoruhusiwa kuruka huko, ukitaja upungufu katika usimamizi. Uamuzi kama huo hauhukumu kila ndege na kila rubani. Unasema kwamba jicho linalowasimamia linahitaji kukazwa, nami naungana na wanaodai likazwe. Hata ukiichukua hatari ya kundi hilo la tatu, bado unazungumzia kifo kimoja katika safari nyingi mno.

Linganisha na barabara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka. Kati yako na Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 1,300 kupitia Biharamulo, Kahama, Singida na Dodoma, sehemu kubwa yake ikiwa ni barabara ya njia mbili ambako basi na lori hupishana kwa mita moja na pengine dereva anasinzia. Katika basi hakuna mtu wa pili mwenye mamlaka ya kumwambia dereva asilipite lori lile. Hofu yako imekuhamishia kwenye chombo chenye hatari kubwa zaidi, na imefanya hivyo kwa sababu ajali za basi huzioni zote kwa pamoja ufukweni. Kwa hiyo ningekuwa kaka yako ningekushauri ndege. Ipo pia njia ya kati, ya kutoka Bukoba kwa meli hadi Mwanza na kuruka kutoka huko, ambako kiwanja ni kikubwa na vifaa ni bora zaidi. Naiona ni ya heshima kabisa kwa safari ya kwanza, kama itakupa amani. Ila usiibadili meli hiyo kwa mwendo wa usiku wa gari dogo kuzunguka ziwa, maana hapo utakuwa umerudisha hatari uliyoikimbia.

Kiti hakina siri kubwa. Ajali hazifanani, na kiti kilichookoa katika moja kinaweza kuwa kibaya katika nyingine. Katika ATR mlango wa abiria uko nyuma, na milango ya dharura iko mbele, kwa hiyo ukikaa nyuma utakuwa karibu na mlango ulioingilia. Lililo muhimu zaidi ni kuhesabu kwa mkono migongo ya viti kutoka kwako hadi mlango wa karibu na ule wa pili, kwa sababu kwenye moshi au maji hutaona kitu, lakini vidole vitakumbuka idadi.

Jaketi okozi usilivae mapema, na ukiambiwa ulivae, usilijaze hewa ukiwa ndani. Nalisema kwa mkazo kwa sababu ya ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuishia kwenye maji ya Komoro tarehe 23 Novemba 1996. Baadhi ya abiria walijaza majaketi yao kabla ya kutoka. Maji yalipoingia yakawainua hadi kwenye dari, wakashindwa kuzama kidogo ili waifikie milango. Litoe chini ya kiti, livae, funga, toka mlangoni, ndipo uvute kamba. Pochi na mzigo uache. Tarehe 2 Januari 2024, kiwanja cha Haneda, Tokyo, watu 379 walitoka wote hai kwenye ndege iliyokuwa ikiungua, na mojawapo ya sababu ni kwamba waliacha mizigo yao walipoambiwa.

Limebaki la mwili wako. Ndani ya ndege inayoruka juu hewa huwa kama ya mlimani, ya kimo cha hadi mita 2,400 hivi, na mtu ambaye shinikizo lake limedhibitiwa kwa kawaida huivumilia bila shida. Hata hivyo nenda kituo cha afya wiki hii, si siku ya safari, ukapimwe na kumwambia daktari kwamba unasafiri kwa ndege. Dawa zako ziwe kwenye mkoba wa mkononi na uzimeze kwa saa zake. Kidonge cha usingizi cha jirani usikikubali.

Kuhusu moyo kwenda mbio na usiku usiolala, hilo mimi rubani siliwezi, na sitajifanya naliweza. Uliiona ndege ile ikiwa majini, na ikiwa picha hizo zinakurudia bila kuziita, au unakwepa hata kupita karibu na kiwanja, hiyo ni hali inayotibika na wataalamu wa afya ya akili wanaijua kwa jina. Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza ina huduma hiyo, na daktari wa hospitali ya mkoa anaweza kukuandikia barua ya kukupeleka huko. Kama miadi itakuja baada ya mjukuu kuzaliwa, nenda hata hivyo. Na siku ya kusafiri, mwambie mhudumu wa ndege mlangoni, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba hii ni safari yako ya kwanza tangu ile ajali. Wahudumu wengi watakuja kukaa nawe dakika moja kabla ya kuruka, na wengine wanaorusha njia hiyo walikuwa na marafiki ndani ya ndege ile.